Jeneza la Mjomba

Simu iliingia alfajiri, msimu wa korosho wa 2016 ukiwa umepamba moto. Mama hakuzunguka. "Mjomba wako hatunaye. Njoo Newala, tunazika baada ya adhuhuri." Nikapanda basi la kwanza kutoka Mtwara mjini. Tulipita Nanyamba, tukapita Tandahimba, barabara wakati ule bado vumbi jekundu, na njia nzima nilikuwa nawaza kwamba mimi ndiye mpwa wake mkubwa. Kwetu Wamakonde mtoto huhesabiwa upande wa mama. Mjomba ndiye aliyenipeleka jandoni, na ndiye aliyeuza korosho zake ili nilipiwe ada. Kumbeba siku ile lilikuwa deni langu.

Msibani watu walinipokea kwa machozi, na kati ya machozi wakanisifu. "Umenawiri, Mtwara imekupenda." Miaka miwili kabla nilikuwa na kilo 68. Siku ile nilikuwa na 91. Sipendi sifa hizo mpaka leo. Mtu anavimba mbele ya macho yetu, sisi tunampongeza.

Mjini nilikuwa karani wa ghala. Kazi yangu ilikuwa kukaa kitini kando ya mzani, toka asubuhi hadi usiku, nikiandika magunia waliyobeba wenzangu. Nikitoka, jiko la kuwasha sikuwa na hamu nalo, na kibanda cha chipsi kilikuwa njiani. Kijana wa pale alikuwa mchapakazi, sina neno baya naye. Mchana alivikaanga viazi nusu, akavirundika kwenye kabati la kioo, na mteja akifika alivitumbukiza tena kwenye karai lenye mafuta ya jana. Mayai mawili juu yake, chumvi, tomato, mishikaki miwili na soda baridi. Nilikula nimesimama, dakika kumi, kisha nikaenda kulala. Mihogo, mbaazi na samaki wa pwani vilijaa sokoni, ila mimi kila usiku nilikula viazi vilivyosafirishwa kutoka Njombe. Usiku mmoja ukawa wiki, wiki zikawa miaka miwili.

Tulimswalia mjomba, tukanyanyua jeneza. Nilipewa nafasi ya mbele, kulia. Nilikuwa nimepangwa pia kushuka kaburini kumpokea. Anayejua mazishi yetu anajua mwendo wake: watu hawatembei polepole, na mabega hubadilishana kila baada ya hatua chache kwa sababu kila mmoja anataka thawabu. Kwa hiyo kupokewa si aibu. Lakini mimi niling'ang'ania. Nilisema moyoni, huyu nitamfikisha.

Njia ilipanda kidogo kati ya mikorosho. Pumzi ikakata. Nilisikia moyo ukipiga masikioni, nikawa siisikii tena kalima waliyokuwa wakiitamka wenzangu. Magoti yakalegea, jeneza likainama upande wangu. Nyuma yangu mtu akasema, "Mjomba, lete mimi." Alikuwa mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 16. Aliingiza bega lake chini ya mti wa jeneza na msafara ukaendelea bila kusimama. Mimi nilikaa chini ya mkorosho, kanzu imelowa jasho, nikiwaona watu wazima kuniliko wakinipita.

Nilipofika makaburini walikuwa wameshapanga mbao. Kijana yule yule ndiye aliyeshuka kumpokea. Nilibakiwa na kutia udongo, na mkono wangu ulitetemeka.

Usiku mama alinijia. "Mwanangu, unaumwa nini?" Nikamwambia nimechoka na safari. Alinitazama tu.

Niliporudi Mtwara nilikwenda kupima. Presha ilisoma 158 kwa 98. Muuguzi alirudia vipimo, kisha akaniuliza, "Kaka, jana jioni ulikula nini? Na juzi?" Nilipomjibu jibu lile lile mara nne aliweka kalamu chini. Hakuniambia chipsi ni sumu. Alinieleza kwamba kiazi kikikaangwa maji yake hutoka na mafuta huingia mahali pake, na kwamba gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga. Ndiyo maana gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina kilokalori zisizofika 90, na uzito huo huo wa chipsi huvuka 300. Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. "Ungekunywa uji wa vijiko tisa?" Chumvi aliieleza taratibu zaidi: kwa siku nzima Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kwani ikizidi mwili hushikilia maji, damu inaongezeka kwenye mishipa, na moyo unasukuma mzigo mzito zaidi. Nilielewa vizuri neno mzigo.

Nikanunua sufuria na jiko la mkaa. Kazini nilianza kwenda kwa miguu, mwanzoni nikipumzika mara mbili njiani.

Arobaini ya mjomba nilirudi Newala, nimepungua kilo nne. Mama aliniwekea ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chai isiyo na sukari, hakusema kitu. Kabla watu hawajaamka kwa kisomo nilitoka peke yangu, nikasimama kwenye mlango wa nyumba ya mjomba, nikaanza kutembea nikihesabu. Kutoka pale hadi kaburini ni hatua 640. Kwenye ule mkorosho, nilikuwa nimehesabu 90.