Nilikanyaga mafuta kwenye gari isiyo na mafuta

Mwezi uliopita nimetimiza miaka 40, mke wangu na wadogo zake wakachangishana wakanikodishia Porsche Taycan Turbo S siku nzima, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Sikuamini mpaka niliposhika ile kadi. Mi hapa Stuttgart, Ujerumani, naendesha Golf ya dizeli, kuukuu, kilomita laki mbili na ushee, na kabla ya hapo kule Tanga nilikuwa na Vitz, kwa hiyo msinisome kama mtaalamu. Nisomeni kama mtoto aliyekulia jirani na stendi.

Maana sisi wa stendi magari tumejifunza kwa masikio. Umelala ndani alfajiri unasikia basi linatoka, unajua hiyo ni Scania, unajua dereva kapiga gia ya ngapi, unajua na huyu leo anaiua injini ya watu. Mpaka leo kwenye Golf yangu spidomita siiangalii sana, nasikiliza tu. Hili nalitanguliza kwa sababu ndilo lililonisumbua siku nzima.

Gari tulichukua Zuffenhausen, kitongoji kile kile ambacho kiwanda chake kipo, na mi hizi gari naziona zikipita kila siku tangu zilipotoka 2019 ila kuona na kushika usukani ni vitu viwili. Nilikwenda na shemeji, kaka wa mke wangu, katoka Tanga wiki mbili zilizopita na bado mfukoni ana pakti za ubuyu. Kiti cha ngozi nyeupe. Nikamwambia shem, humu ubuyu haufunguliwi. Akasema nimekuelewa shem.

Jina kwanza. Turbo hakuna. Ni gari ya umeme, hakuna moshi wa kuzungusha turbo, wameliacha jina tu kuonyesha hii ndiyo kali kuliko zile nyingine, kama yule jamaa wa mtaani anaitwa Mrefu na ukimuona anakufika kiunoni. Hii ya kwangu ni toleo la kwanza, nguvu za farasi 625 kwa matumizi ya kawaida na 761 ukitumia lonchi kontroli (ule mfumo wa kuondoka kwa nguvu zote gari ikiwa imesimama), msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha tairi, newtonmita 1,050, mota mbili, moja mbele moja nyuma. Hizi mpya za kuanzia 2024 zimepita hapo mbali, farasi 952, sijui wanataka zifanye nini.

Uzito sasa. Kilo 2,295 bila watu. Vitz yangu mbili na chenji inabaki. Nilivyosoma hiyo nikajua kabisa kwenye kona itakuwa kama kuendesha kontena, nikae na adabu.

Mjini hakuna la kusimulia, ni laini, kimya, inapita kwenye matuta kama haikuyaona kwa sababu ya springi za hewa. Nilichogundua pale ni kwamba ukitoa mguu gari haishiki breki yenyewe kama Tesla, inaachia inateleza tu, ukitaka kusimama unakanyaga breki kama binadamu wa kawaida. Kumbe ukikanyaga, breki zenyewe karibu hazigusi, mota ndiyo inageuka kuwa jenereta inarudisha umeme kwenye betri, hadi kilowati 265, na Porsche wanasema kama asilimia 90 ya breki za kila siku zinamalizwa na mota peke yake. Nilikuwa natafuta kwa mguu ile sehemu mota inapoishia na pedi zinapoanza, sikuipata. Nimejaribu mara nyingi mpaka shemeji akauliza shem una nini na hizo breki, mbona unanitikisa kichwa.

Lonchi tulipiga kwenye barabara moja iliyonyooka katikati ya mashamba, limiti 100, mbele hakuna mtu nyuma hakuna mtu. Unaweka Sport Plus, ile hali ya kuendesha kwa ukali, mguu wa kushoto breki mpaka mwisho, wa kulia unakanyaga mafuta mpaka mwisho (nimeandika kanyaga mafuta, sina neno lingine, kanyaga umeme haitamkiki), skrini inakwambia tayari, unaachia breki.

Sekunde 2.8 mpaka 100. Namba hii nilikuwa naijua miaka, namba haikwambii kitu. Ni kwamba hakuna mwanzo. Gari ya injini inakuandaa, inanguruma, tairi zinalia, mwili unajiweka sawa. Hii umekaa, halafu shingo imeshagonga kiti, tumbo limebaki nyuma, na kabla hujamaliza kusema bismillahi unatakiwa kutoa mguu maana 100 hiyo hapo. Nikasikia kelele moja tu, ya shemeji, na nyuma yake kama changarawe zinamwagika kwenye bati. Nikaangalia. Ubuyu. Kumbe mtu alikuwa ameshafungua pakti kimya kimya anakula kwa siri, na sasa mbegu nyekundu zimeruka mpaka kiti cha nyuma.

"Shem si nilikwambia?"

"Shem na wewe si ungesema unaondoka!"

Dakika ishirini tumesimama pembeni tunaokota ubuyu mmoja mmoja na kufuta kwa tishu za maji. Rangi ilitoka, alhamdulillahi. Baadaye nilipiga lonchi mbili tena na niseme ukweli, ya tatu nilishaizoea. Inafanya vile vile, sawasawa, kila mara, haikosei. Ni kama kunywa soda, ya kwanza unasema aaah.

Tukachukua barabara kuu ya A8 kwenda Karlsruhe, Pforzheim foleni ya matengenezo kama kawaida yake, halafu A5 kushuka Baden-Baden. Pale kuna vipande havina limiti kabisa. Nikaanza kuitia moto pole pole, nikiwa nasikiliza kama nilivyozoea, na masikio yananiambia uko 130, labda 140, kawaida. Nikashusha macho kwenye spidomita. 214. Nilitoa mguu kwa woga kabisa. Hakuna injini ya kukuambia, upepo kidogo kwenye vioo na tairi, basi. Yaani spidomita yangu ya miaka yote imefungwa pamba. Kuna batani ya sauti ya bandia, gari inalia kama jokofu kubwa linalotaka kupaa, niliiwasha dakika mbili nikazima. Kitu pekee cha kweli ambacho sikio langu lilipata ni gia, maana mota ya nyuma ina gia mbili, jambo ambalo gari nyingi za umeme hazina, na ukiwa umeikanyaga sawasawa unasikia kama kigongo kidogo nyuma ya kiti pale ya pili inapoingia. Nilifurahia hicho kigongo kuliko lonchi. Nadhani nilikuwa mpweke.

Spidi hizo zinakula chaji vibaya. Ukipita 200 upepo peke yake unakumaliza, asilimia zinashuka huku unaziona. Tulitoka na 96, tunafika karibu na Baden-Baden 31. Chaja ya kwanza skrini imekufa, ya pili kebo inagoma kufunguka, shemeji anauliza huku si ndio Ulaya? Ya tatu ikakubali na hapo nitoe heshima, kwa sababu betri yake ni ya volti 800 wakati nyingi za umri wake ni 400, inapokea hadi kilowati 270, na ukiiambia kwenye ramani kwamba unakwenda kuchaji inaipasha betri joto njiani kabisa. Kahawa moja, choo, mazungumzo ya bei ya kahawa, dakika kama 20, tayari 80.

Halafu barabara ya B500. Inatoka Baden-Baden inapanda Msitu Mweusi kwenda Freudenstadt, kama kilomita 60, misonobari pande zote, inapita zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, kona juu ya kona. Aliyepita Mombo kwenda Lushoto anajua nachosema, toa tu malori ya mbogamboga na ongeza pikipiki za wazee wastaafu. Hapa ndipo nilitegemea kuuona ule uzito. Kona ya kwanza niliingia kwa adabu, ikapita. Ya pili nikaongeza, ikapita. Ya tatu nikaingia na spidi ambayo Golf yangu ingeanza kuomba radhi, na hii imelala chini, hailali upande, mwili umenyooka, tairi za nyuma nazo zinakata kidogo kusaidia, usukani unakupa lami yote mikononi, mpaka ule mchanga wa pembeni unauhisi. Betri lote limetandikwa sakafuni, kwa hiyo uzito upo, tena mwingi, ila upo chini ya makalio yako. Unauona sehemu moja tu, ukishuka mlima na kukanyaga breki kwa kuchelewa, ule mzigo unasogea mbele na unakumbuka kwamba tani mbili haziendi kokote. Zile diski za kauri za mbele zina kipenyo cha milimita 420, na bado nilitokwa jasho mara moja.

Na humo kwenye kona masikio yakatulia. Macho yako kazini, mikono kazini, makalio kazini, sikukumbuka injini hata kidogo. Tulipofika ziwa Mummelsee shemeji hajasema neno muda mrefu, nikadhani kachafukwa tumbo. Akasema shem, turudi tena pale chini tupande upya. Tukashuka, tukapanda upya.

Kurudi tulipigwa tochi kwenye kijiji kimoja, 58 penye 50, baada ya mambo yote yale. Tochi za huku hazina trafiki wa kuongea naye, ni boksi tu.

Saa kumi na mbili kasoro kumi tumerudisha. Kijana wa pale akazunguka na taa yake, akaangalia rimu, akaangalia milango, akainama kwenye kiti cha abiria akatia vidole kule reli inapopita. Akatoka na mbegu moja nyekundu, kaishika juu juu kama ushahidi wa mahakamani, akauliza hii nini. Nikamwangalia shemeji, shemeji anaangalia dari. Nikamwambia ni pipi. Akainusa, akasema inanukia vizuri. Shemeji akatoa mkono mfukoni, pakti nyingine hiyo hapo, anamkaribisha.