Sukari inashuka bila dalili: jinsi tulivyorudisha onyo la mwili

Tatizo: mtu anayejidunga insulini (homoni inayoshusha sukari) yuko ndani ya matatu ya Thika Road, kipimo cha sukari ya damu kinasoma milimoli 2.8 kwa lita, lakini hatoki jasho, hatetemeki, moyo haumwendi mbio. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kwa kawaida sukari ikishuka chini ya 4, kongosho hutoa homoni ya glukagoni ili ini liachilie sukari, na adrenalini, homoni ya mshtuko, huleta zile dalili. Kwa kisukari aina ya 1, glukagoni hudhoofika miaka michache baada ya ugonjwa kuanza, na insulini iliyokwisha kudungwa haizimiki, huendelea kushusha sukari. Inabaki adrenalini, nayo ikishtuliwa mara kwa mara huacha kuitika.

Kilichosaidia ni kuzuia sukari isishuke chini ya 4 hata mara moja kwa wiki 3, ili adrenalini ianze kuitika tena. Daktari alipunguza insulini ya usiku. Sukari ikapimwa kabla ya kulala na kabla ya safari. Ikisoma chini ya 4: soda yenye sukari mililita 150, subiri dakika 15, pima tena. Mandazi hayafai hapa, mafuta huichelewesha sukari. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Baada ya hapo, kwenye 3.6, mikono ilitetemeka tena.