Mpango wa maafa wa kijiji kwenye karatasi moja: tulivyouandika upya miteremko ya Elgon

Mpango tuliorithi ulikuwa na kurasa zaidi ya 40, umeandikwa kwa Kiingereza, na nakala yake pekee ilikaa kwenye kabati lenye kufuli. Maana ya maafa uliieleza vizuri. Haukusema nani ana ufunguo wa shule saa 8 usiku. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kamati za vijiji upande wa Bududa, mashariki mwa Uganda, ambako udongo wa mlima Elgon huporomoka wakati wa mvua, na kuuandika upya mpango huo, na baada ya misimu kadhaa ya kujaribu na kukosea tulibaki na karatasi moja ya manila, mbele na nyuma. Inajibu mambo matatu tu: tunaondoka lini, tunapita wapi, nani anambeba nani. Chochote kisichojibu moja kati ya hayo tulikitoa.

Kamati haikuundwa upya. Sera ya taifa ya maafa ya 2010 tayari inaiweka kamati hadi kijijini, chini ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ukileta kamati nyingine pembeni, siku ya mvua zitasubiriana. Tuliongeza watu waliokosekana tu: mhudumu wa afya wa kijiji, mwalimu mmoja, kijana wa boda boda, na wanawake wanaochota maji kwenye vijito vya juu.

Hao wa mwisho ndio walioibadilisha ramani. Ramani huchorwa chini kwanza, kwenye uwanja uliofagiwa: majivu kwa vijito, magunzi ya mahindi kwa nyumba, mawe kwa miamba. Wanaume wachore peke yao, wanawake peke yao, halafu ramani mbili zilinganishwe. Wanaume huchora barabara, mipaka ya mashamba na miti ya kahawa. Wanawake huchora mahali chemchemi ilipohama, njia ambayo watoto huteleza, na nyumba ya bibi kizee anayeishi peke yake. Ukiwachanganya tangu mwanzo utapata ramani ya wanaume. Zikishaungana, piga picha, nakili kwenye manila, kisha utembee nayo kijiji kizima ukihesabu nyumba moja moja. Katika kila nyumba tuliangalia vitu viwili: ukuta wa udongo uliochongwa nyuma ili kupata uwanja, na umbali wa kijito. Mteremko hupimwa kwa kipimapembe cha mwanafunzi kilichofungwa uzi na jiwe dogo. Simu za kisasa pia zinapima, lakini mvua ikinyesha kipimapembe hakizimiki.

Hapa pana kosa ambalo nimelikuta karibu kila kijiji: watu huamini kwamba hatari iko juu na usalama uko chini, bondeni kwenye maduka. Tope linapoporomoka halibaki kwenye mteremko, linaingia kijitoni na kushuka nacho. Tarehe 1 Machi 2010 kule Nametsi kilichofukiwa kilikuwa pamoja na senta ya biashara na kituo cha afya. Tarehe 11 Oktoba 2018 huko Bukalasi, mto Suume uliteremsha mawe na matope hadi kwa watu waliokuwa sokoni. Kwa hiyo njia za kuondokea tulizichora zikipanda kuelekea mgongo wa kilima, na sharti moja halina mjadala: njia isivuke kijito. Daraja la magogo likifutwa kwenye ramani, nusu ya njia zilizopendekezwa hufutika nalo, na hapo ndipo mjadala wa kweli huanza.

Swali la lini tunaondoka linahitaji kipimo cha mvua, na kipimo hicho hakihitaji mfadhili. Chukua chupa ya plastiki ya lita 1.5 au 2 yenye ubavu ulionyooka, usitumie zile zenye mikunjo kiunoni. Kata pale bega linapoanza, geuza kichwa chake kichwachini, bila kifuniko, ukitie kwenye chupa kiwe faneli. Kitako cha chupa si tambarare, kwa hiyo mimina kokoto na uji wa saruji hadi upite mapindo, iache ikauke siku mbili, kisha bandika rula ya plastiki ambayo sifuri yake iko sawasawa na uso wa saruji. Kwa kuwa mdomo na ubavu vina upana mmoja, milimita moja kwenye rula ni milimita moja ya mvua, yaani lita moja kwa kila mita ya mraba ya shamba. Chupa ifungwe kwenye nguzo, mdomo ukiwa usawa, mbali na mti au nyumba kwa umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Mgomba ndio adui mkubwa: unapandwa mdogo mwezi wa tatu, na mvua za mwezi wa tisa zinaukuta umeinamia chupa.

Husomwa saa 3 asubuhi kila siku, humwagwa, na huandikwa. Makosa ya daftari ni mengi kuliko makosa ya chupa. Siku isiyo na mvua andika 0. Siku ambayo hakuna aliyesoma weka alama ya kistari. Ukiviacha vyote wazi, baada ya mwezi hakuna anayejua kama hakukunyesha au msomaji alikwenda Mbale. Daftari la kwanza kabisa tulilipoteza kwa njia hiyo hiyo, si kwa moto wala panya. Kila chupa iwe na wasomaji wawili kutoka kaya mbili tofauti. Tena, mvua kubwa za mlimani mara nyingi hushuka mchana kuelekea jioni, kwa hiyo kusoma asubuhi pekee ni kuhesabu maji yaliyokwisha pita. Tuliongeza somo la pili saa 3 usiku, na la ziada kila mvua kali inapopita saa moja bila kupungua. Masomo hayo ya ziada hayamwagi chupa, huandikwa pembeni tu.

Kiwango cha kuondoka usikinakili kutoka kijiji kingine. Udongo wa mfinyanzi mwingi wa Bududa hulowa polepole: siku kadhaa za mvua ya wastani huujaza, kisha mvua moja kali humalizia. Ndiyo maana safu iliyo muhimu kwenye daftari ni jumla ya siku tano, leo ikiwemo. Tulifanya hivi: wazee walitaja maporomoko wanayokumbuka tarehe zake, tukatafuta vipimo vya siku hizo kwenye kituo cha mvua kilicho karibu, tukajumlisha siku tano za kila tukio. Chukua jumla ndogo kuliko zote, punguza moja ya tano, hiyo ndiyo nyekundu, yaani kuondoka. Nusu ya nyekundu ndiyo njano, yaani tahadhari. Kwa mfano wa hesabu tu, kama jumla ndogo ni milimita 100, nyekundu ni 80 na njano ni 40. Namba hizo hurekebishwa kila mwisho wa msimu. Ikiwa nyekundu imelia mara nne na kilima hakijasogea hata inchi, watu hawataamka mara ya tano, basi pandisha namba kidogo. Ikiwa udongo umeporomoka wakati daftari linaonyesha njano, shusha namba mara moja bila kikao.

Chupa haioni kila kitu. Kwenye karatasi kuna kisanduku cha dalili ambazo hazisubiri kipimo: ufa mpya ardhini, mlango uliokuwa ukifunga ukaanza kukwama, miti iliyoinama upande mmoja, chemchemi safi iliyogeuka tope. Iliyo hatari kuliko zote ni kijito kupungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Watu hushukuru wakiona hivyo, kumbe tope limeziba huko juu na maji yanajikusanya. Dalili hiyo peke yake ni nyekundu. Nyufa za zamani tuliziwekea vigingi viwili, kimoja kila upande, vikazikwa nusu mita, na msumari juu ya kila kimoja. Utepe wa fundi cherehani unatosha kupima umbali wa misumari. Ufa wenyewe ujazwe udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa ili maji yasiingie, na mfereji mdogo uyazungushe pembeni. Kujaza ufa hakumaanishi umepona, endelea kupima.

Ishara ya kuondoka ilitusumbua kuliko nilivyotazamia. Simu ni rahisi: mtu mmoja anapigia watano, kila mmoja wao watano, na namba zinaandikwa kwa penseli kwa sababu laini hubadilika. Lakini umeme wa mnara ukikatika, simu ya kitochi inabaki tochi tu. Pendekezo la kwanza la kila kamati ni ngoma. Katika Bugisu, nchi ya Wagisu wa mlima huu, ngoma ina mwenyewe: miaka ya shufwa ni miaka ya imbalu, yaani tohara ya vijana, na kuanzia Agosti kadodi, ngoma ya tohara hiyo, hupita vijijini mchana na usiku, katika miezi ile ile ya mvua za pili. Hakuna atakayetoka kitandani. Kengele ya kanisa nayo hulia kwa misiba. Tulimalizia na ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa mtini, ikigongwa kwa nondo: mapigo matatu na kimya kwa njano, mfululizo bila kukoma kwa nyekundu. Ringi zilikuwa mbili, moja kila upande wa kijito, kwa sababu maji yakivuma sauti haivuki.

Orodha ya watu ina safu chache: namba ya nyumba kwenye ramani, wangapi wanalala humo, nani hawezi kutembea peke yake, na wabebaji wake wanne pamoja na wanne wa kupokezana. Wajawazito wa miezi ya mwisho, wenye ulemavu, wagonjwa, wazee, wote humo. Mbebaji asitoke ng'ambo ya kijito na asiwe mtu anayelala mjini siku za wiki. Majina mengi mazuri yalianguka kwa sharti hilo. Machela ni miti miwili iliyopitishwa kwenye magunia mawili ya kahawa yaliyotobolewa pembe. Orodha hii haitundikwi ukutani. Inaonyesha nani anaishi peke yake na nani mgonjwa, kwa hiyo hukaa kwa mwenyekiti na kwa mhudumu wa afya tu.

Kuhusu mahali pa kulala, hesabu za zamani zilikuwa za ndoto. Viwango vya kimataifa vya misaada huhesabu mita za mraba 3.5 kwa mtu. Darasa la mita 8 kwa 6 lina mita 48, yaani watu 13. Mpango wa zamani uliandika 60. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku: watu 100 wanataka lita 1,500, majerikeni 75 ya lita 20, na lazima ujiulize nani atayapandisha kilimani. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 hutibu jerikeni moja la maji yasiyo na tope, na husubiriwa dakika 30. Vyoo ni shimo moja kwa watu 50 siku za mwanzo, kisha ushuke hadi 20. Baada ya hesabu hiyo kamati nyingi ziliamua jambo la busara: shule iwe ya wachache wasio na ndugu, na wengine kila kaya ipangiwe kaya mwenyeji kwenye mgongo wa kilima, kwa majina, kabla ya msimu.

Mpango huo wa kaya wenyeji ndio uliotupa kanuni ya njano: mchana kila mtu shambani kwake, usiku analala kwa mwenyeji. Usiombe zaidi ya hapo. Mavuno ya kahawa huangukia miezi ya mvua za pili, na mtu hataacha buni mtini kwa sababu ya rangi kwenye daftari. Kati ya waliohamishiwa wilaya ya mbali ya Kiryandongo baada ya maporomoko ya 2010 wapo waliorudi mlimani, na sababu zao, yaani mashamba, makaburi na majirani, si upumbavu. Ng'ombe pia wapangiwe mahali pa kufungwa mapema, la sivyo mwenye ng'ombe ndiye atakayerudi usiku.

Ubavu wa nyuma wa karatasi una mstari mmoja kwa ajili ya walio chini. Maji ya Bududa hushuka na mto Manafwa hadi kwenye mashamba ya mpunga ya wilaya ya Butaleja. Tulipaka nguzo ya daraja rangi kila sentimita 20. Maji yakigusa nyekundu, msomaji huandika saa na kumpigia mwenzake wa chini, ambaye naye huandika saa maji yanapomfikia. Baada ya mafuriko matatu mna muda wenu halisi wa kusafiri kwa maji, bora kuliko makisio yoyote. Juu wanasema Kilumasaaba, chini Lunyole, kwa hiyo ujumbe ni wa Kiswahili na ni maneno manne: daraja, rangi, saa, jina. Maneno yakizidi, watu huanza kusalimiana.

Gharama ni ndogo: saruji kidogo, ringi, rangi, manila, muda wa maongezi. Bado ziandikwe, zipelekwe gombolola, yaani ofisi ya tarafa, kabla ya mkutano wa bajeti, maana mwaka wa fedha huanza Julai 1 na ombi la Machi limeshachelewa.

Zoezi hufanywa mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, na moja kati ya hayo liwe la usiku. Mtu anayetembea polepole kuliko wote abebwe kweli kwenye machela, muda uhesabiwe kuanzia pigo la kwanza la ringi hadi kaya ya mwisho kufika. Andika dakika hizo pembeni mwa njia kwenye ramani. Mara ya kwanza tegemea mambo matatu: machela kuchanika, ufunguo wa shule kukosekana, na kaya moja kutosikia ringi kabisa. Rekebisha, weka tarehe mpya kwenye kona ya juu, na ichane nakala ya zamani mbele ya watu.