Neno lililokosekana kwenye taarifa yetu

Mwaka wangu wa kwanza kama afisa mawasiliano wa asasi moja ndogo ya usafi wa mazingira hapa Dar es Salaam, niliandika taarifa kwa vyombo vya habari yenye kichwa "Wadau wajengewa uwezo kuhusu usimamizi endelevu wa majitaka", nikaituma kwenye magazeti na redio, kisha nikakaa kusubiri simu. Ilikuja moja tu, ya mhariri aliyeniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, hapa habari iko wapi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu taarifa ile, kusema kweli, nilikuwa nimemwandikia mfadhili.

Habari ilikuwa Vingunguti, tena ilikuwa inanuka. Mvua za masika zikikolea, wapo wenye nyumba wanaotoboa shimo la choo ili uchafu uchukuliwe na maji kuelekea Mto Msimbazi. Wakazi huita kitendo hicho kutapisha choo, na chanzo chake si ukaidi peke yake: gari la majitaka halipenyi kwenye vichochoro, na gharama yake ni mzigo kwa wengi. Neno "kutapisha" halikuwamo hata mara moja katika kurasa zetu mbili. Tulipoliweka kwenye taarifa ya pili, pamoja na maelezo ya mama mmoja ambaye kila akisikia ngurumo hupandisha ndoo na viatu juu ya matofali, redio mbili zilituita studio.

Tangu hapo, kabla ya kuchapa fulana na bango (ambavyo bado vinakula fedha kuliko inavyostahili), tunaulizana kwanza ni nani tunataka abadili jambo gani, na yeye hupata habari zake wapi. Mwenye nyumba tunamfuata kwa redio ya alfajiri, mjumbe wa mtaa kwa mazungumzo ya ana kwa ana, diwani kwa barua fupi. Ripoti ndefu tunamwachia mfadhili.

Ujumbe unaoeleweka una gharama zake pia. HakiElimu, asasi ya kiraia inayotetea elimu, ilirusha matangazo mafupi kuhusu hali ya shule zetu, na mwaka 2005 serikali ikaizuia kuchapisha tafiti zake kuhusu shule. Ndiyo maana naona mkakati usiosema nani atazungumza siku mambo yakichacha, na akiwa na ushahidi gani mkononi, haujakamilika.

Lipo pia suala la picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imetulazimisha kuwa makini na ridhaa, jambo ambalo zamani tulilimaliza kwa kusema "mama, tabasamu kidogo". Yule mama wa Vingunguti alikubali sauti yake isikike, lakini sura yake aliikataa, kwa kuwa anayetapisha choo ni baba mwenye nyumba wake. Kwenye kipeperushi tuliweka picha ya ndoo zake juu ya matofali.