Hedifoni za bei nafuu: bezi huvujia pembeni mwa sikio

Kosa la kawaida ni hili: mtu ananunua hedifoni Kariakoo, akifika nyumbani anafungua ekwalaiza (programu ya kupandisha na kushusha sehemu za sauti) na kupandisha bezi hadi mwisho, halafu analalamika kwamba sauti inakoroma. Mara nyingi spika ya ndani haina tatizo. Bezi inatoka kupitia upenyo ulio kati ya mto laini wa hedifoni na shavu, na hakuna programu inayoziba upenyo.

Hedifoni iliyofungwa nyuma hutegemea hewa iliyonaswa kati ya spika na sikio. Spika ikisukuma, hewa hiyo inabanwa, na sikio linasikia bezi. Pakiwa na upenyo mdogo tu, hewa inakimbilia huko na kila kitu cha chini ya 100 Hz (mitetemo 100 kwa sekunde; namba ikishuka, sauti ni nzito zaidi) kinapungua. Vinavyoleta upenyo tunaishi navyo: mkono wa miwani, mtandio, rasta zilizolala chini ya mto, ndevu nene kwenye taya. Kwa hiyo chagua hedifoni ukiwa umevaa vile unavyovaa siku zote. Mito inayozunguka sikio lote ndiyo ya kutafuta. Zile ndogo zinazokaa juu ya sikio, mfano P47 zilizojaa kila kibanda, hazizibi vizuri, na baada ya nusu saa masikio yanauma.

Kabla ya kwenda dukani pakua faili tatu kwenye simu: mlio wa 40 Hz, mlio unaopanda polepole kutoka 20 hadi 200 Hz, na sauti ya mtu anayezungumza, iliyorekodiwa kwa mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia. Cheza 40 Hz kwa sauti ya wastani, kisha bana vikombe (nyumba za spika) taratibu kwa viganja. Mlio ukiongezeka sana ulipobana, hedifoni hiyo inavuja kichwani kwako, hata kama inamkaa muuzaji vizuri. Mlio unaopanda utafichua mkwaruzo: ukisikia kitu kinatetema upande mmoja, huenda ni unywele uliogusa ngozi ya spika, au spika yenyewe imechoka. Sauti ya mono inatakiwa isikike katikati ya kichwa. Ikielemea upande mmoja, geuza hedifoni kushoto kulia. Sauti ikihama pamoja nayo, kosa ni la hedifoni au la simu. Isipohama, angalia sikio lako. Duka la jirani likiwa linapiga singeli kwa spika mbili barabarani, omba kuingia ndani. Kelele hufunika bezi kwanza.

Kuhusu majina: Sony MDR-7506 iko sokoni tangu 1991, ina ukinzani wa 63 ohm (namba hii ikiwa kubwa sana, simu hushindwa kuisukuma), na simu inaiendesha bila shida, ila waya wake wa kujisokota hauchomoki. Audio-Technica ATH-M40x ni 35 ohm na waya wake unachomoka, jambo kubwa kwa mtu wa daladala. ATH-M20x ni ndogo ya familia hiyo, waya umeshikizwa moja kwa moja. Beyerdynamic DT 770 Pro hutoka katika matoleo tofauti, na ile ya 250 ohm ukiichomeka kwenye simu utasikia sauti ndogo. Ya simu ni 32 au 80. ATH-M50x inaigwa sana, hivyo boksi zuri lisikutoshe. Maneno “spika ya 50 mm” yaliyoandikwa pembeni hayakuambii chochote kuhusu ubora.

Kama simu haina tundu la jeki, utahitaji adapta ya USB-C. Baadhi ya adapta za bei ya chini hazina chipu ndani, ni waya mtupu, na kwenye simu nyingi hazitoi hata mlio. Ijaribu kwenye simu yako kabla hujalipa.

Za mitumba usizidharau, ila kagua waya. Fundi akibadilisha jeki na kugeuza nyaya za upande mmoja, bezi hupotea na sauti ya mwimbaji hutawanyika kana kwamba yuko chumba cha pili. Dawa ni kubadilisha nafasi za nyaya mbili za upande huo tu. Nyaya hizo nyembamba zimepakwa vanishi, ndiyo maana risasi haishiki: kwaruza au choma vanishi kwanza, ndipo ulehemu.

Sasa mito. Joto na jasho la Dar hula ngozi bandia. Ikianza kubanduka, inavuja. Mito mipya huweza kubadilisha sauti kuliko ekwalaiza, kwa kuwa unene wake hubadili umbali wa spika na sikio. Ya kitambaa cha mahameli haitoi jasho sana, lakini kwa hedifoni nyingi hupunguza bezi. Tafuta mito yenye kipenyo na kina sawa na cha mwanzo.

Sauti ya kopo, ile ya ndani ya debe, hutokana na mwangwi nyuma ya spika. Fungua kikombe, weka pamba laini kiasi cha kiganja kimoja ikiwa imefumuliwa, isiguse spika wala kuziba matundu madogo. Sauti zikichoma, kata duara la tishu, tabaka moja tu, liweke kati ya mto na spika. Mbili utazima matoazi yote.

Mwisho kabisa ndipo ekwalaiza. Kwenye Android, Wavelet ina marekebisho tayari ya modeli nyingi. Kwenye Windows kuna Equalizer APO, ambayo lazima uiwashe kwenye kifaa husika na kuanzisha kompyuta upya. Anza hivi: shusha kiwango cha jumla dB 5 (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kabla ya yote. Bila hilo, vilele vya mawimbi vitakatwa, na huo ndio mkoromo unaolalamikiwa. Kisha ongeza dB 4 chini ya 105 Hz, upana Q 0.7 (Q ikiwa kubwa, eneo linaloguswa ni jembamba). Punguza dB 2 au 3 karibu na 200 Hz, Q 1, sauti ya kiume itoke kwenye debe. Kwa “s” zinazochoma, pita polepole kati ya 5 na 9 kHz kwa kilele chembamba cha dB 4; panapouma zaidi, geuza kuwa dB 3 chini, Q 4. Taarabu yenye vinanda na fidla itakuonyesha ukipunguza kupita kiasi: fidla zitakosa hewa.

Ukibadilisha mito, futa namba hizi zote uanze upya, kwani zilipangwa kwa mito mingine.