Stadi za Kushoto

Injini ya lori la Bedford la marehemu baba iliwaka kwa betri ya kuazima, Mafinga, baridi ya mwezi wa sita ikiuma masikio. Nikajiona fundi. Siku tatu baadaye nikakata stadi tatu, zile bolti zinazoshika gurudumu, za nyuma kushoto, kwa mikono yangu mwenyewe.

Nati ziligoma, nikachomeka bomba kwenye spana, nikamwita mdogo wangu tukaning'inia wawili. Tak! Tukalaumu kutu. Ilipokatika ya tatu ndipo nikaokota kipande, nikasugua kichwa chake kwa msasa, ikatokea herufi L. Malori mengi ya Kiingereza ya zamani, nati za upande wa kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kulia, ili gurudumu likizunguka lisizilegeze. Muda wote ule tulikuwa tunakaza.

Iringa mjini nilimaliza asubuhi nzima bure. Maduka ya spea yamejaa bolti za Fuso na Canter, za milimita. Bedford ni ya inchi. Bolti ya inchi 3/8 ukiitia kwenye nati ya milimita 10 inaingia ikichezacheza, mizunguko miwili mitatu imekwama, na mwenye papara akilazimisha ameua nyuzi za zote mbili. Hata spana inakwambia: namba 14 haiingii, 15 inateleza. Na hizo ni za kawaida. Stadi ya kushoto ndiyo kabisa. Kijana mmoja akaniambia, "Braza, weka ekseli ya Canter, yaishe." Labda ana haki. Lakini lori la baba lenye miguu ya Canter nitamwonyesha nani?

Kesho yake, Makambako. Yadi ya chuma chakavu, difu zimelala kwenye majani, kuku ametaga ndani ya kebini. Stadi hakuna. Nikadandia basi la Mbeya. Chimala nikainua macho kushoto, kule barabara ya Matamba inakopanda mlima kwa kona zake 57, nikawaza gurudumu lenye nati pungufu likishuka pale na mzigo wa viazi. Nikaacha kutazama.

Mwanjelwa wakanielekeza kwa mzee mwenye makopo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari gani?"

"Bedford, ile ya pua."

"Upande?"

"Kushoto."

Akaniangalia vizuri. "Umekata ngapi?"

"Tatu."

"Uliweka bomba?"

Nikatazama viatu vyangu.

Akamimina kopo la Blue Band juu ya gunia, akawa anachagua kwa kidole gumba tu: anaizungusha nati kwenye stadi aliyoishika mkono wa pili, ikikataa anaitupa pembeni, ikiteleza hadi mwisho anaiweka mapajani. Huku anasimulia. Alikuwa utingo wa malori ya mafuta ya Zambia, baada ya Ian Smith, kiongozi wa walowezi, kujitangazia uhuru Rhodesia mwaka 1965 na njia ya kusini kufungika. Lami hakuna, TAZARA haijaja. Reli ilianza kazi 1976. Lori likifia njiani, waliokoa kila nati. Hayo makopo ndiyo akiba yenyewe.

Nati zikapatikana tatu. Stadi, mbili.

Ya tatu ikabidi kuchongwa. Kijana wa mashine akashika kipande cha nondo, mzee akakipokonya. "Nondo ni ya nyumba!" Akatafuta shafti ya ekseli iliyokatika, chuma kigumu hadi kisu cha mashine kikalia. Ilipotoka bado ya moto, mzee akaipaka oili, akaijaribishia nati, ikateleza mpaka shingoni. Kuchonga nililipa, hizo za kwenye kopo alikataa hela, akaomba tu nikimaliza nimpitishie lori alisikie.

Nyumbani tulizigonga stadi mahali pake. Mdogo wangu akatia nati ya kwanza, akashika spana, akaanza kukaza kulia.

"Kushoto," nikamwambia. "Na hilo bomba lirudishe stoo."