Siku Tuliyozoa Mashokishoki Jambiani

Wanawake wakulima wa mwani wa kijijini kwetu Jambiani, Unguja, walikubaliana jioni ya kuamkia siku ile: kesho maji yakitoka, kila mtu aje na ndoo au pakacha, tukazoe mashokishoki. Ilikuwa mwaka 1996, skuli zimefungwa, na mimi nilishafikia umri wa kujitwika ndoo iliyojaa. Mashokishoki ninaowasema ni wa baharini, wale viumbe wa duara wenye miiba mwili mzima, na msimu ule walikuwa wameingia kwenye mashamba ya mwani kwa wingi. Mama alikuwa akifunga vipande vya spinosamu, aina ya mwani aliyoilima, kwenye kamba kwa taitai, vile vikamba vyembamba vya plastiki, akirudi baada ya siku chache anakuta kamba imebaki na vikonyo tu. Kilimo chenyewe kilikuwa bado kigeni. Kilianza upande wetu huu wa mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na pesa yake ndiyo iliyoninunulia sare na madaftari. Hasira za mama nilizielewa, na mpaka leo nazielewa.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuja na sisi lakini ndoo hakushika. Yeye alikuwa mtu wa pweza, na bamvua, maji yanapotoka mbali kuliko kawaida, kwake ilikuwa siku ya kwenda mwambani.

"Mimi nakwenda zangu kuchokoa," alimwambia mama. "Huyu mtoto akishakusaidia kidogo, nampitia anibebee."

"Haya, mama. Lakini ndoo zangu kwanza."

Bamvua Jambiani huyapeleka maji mbali sana. Ukitoka ufukweni unakanyaga mchanga mweupe, unapita mashamba na safu zake za vigingi, halafu unaingia kwenye majani ya bahari yaliyolala upande mmoja kufuata mkondo, kisha mawe na matumbawe ya hapa na pale, na mwisho kabisa mwamba unaopigwa na mawimbi. Nilikuwa nimeipita njia ile tangu mdogo. Siku hiyo, kwa kuwa tuliambiwa tutafute mashokishoki na si kitu kingine, ndipo nilipoanza kuona nani anakaa wapi.

Waliokula mwani wetu walikuwa wa aina moja tu: wanene, wenye miiba mifupi myeupe, unaweza kumwinua kwa kiganja na usipate zaidi ya kuwashwa. Nilimchukua mmoja na kumtazama kwa makini. Mgongoni amejifunika vipande vya majani, magamba mawili ya kombe, na kipande cha taitai cha mama. Niliyatoa yote nikayaweka pembeni yake ndani ya maji ya ndoo. Katikati ya miiba yakatoka manyuzi membamba yenye ncha za kunatia, yakalishika jani, yakapokezana nalo polepole mpaka likarudi mgongoni. Nikampindua. Chini, katikati, palikuwa na mdomo wenye meno matano yaliyokutana nchani, na bado yamebana uzi wa mwani.

Mama aliniita nisizubae. Tukazoa. Pale mchanga ulipokuwa mtupu, kamba zikiwa mbali na majani, tulitembea hatua nyingi bila kumpata hata mmoja. Kwenye kingo, ambako mashamba yamepakana na majani, ndoo ilijaa kabla hatujasogea. Pabaya kuliko pote palikuwa mashamba mapya, ambayo wenyewe walikuwa wameng'oa majani ili wapate nafasi ya kupiga vigingi. Hapo walikuwa wamerundikana hadi chini ya kamba.

Bibi aliyaona hayo akipita na kijiti chake. Akasimama.

"Mmeng'oa chakula chao, mkawatundikia kingine. Mlitaka wende wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mama aliinama tena kwenye kamba zake, na mimi nikapewa ruhusa ya kumfuata bibi.

Tulipovuka majani wale weupe walianza kupungua. Kwenye mawe walianza weusi, wenye miiba mirefu kuliko kiganja changu, wamejikusanya kumi au kumi na tano pamoja ubavuni mwa jiwe, kwenye maji ya magotini. Bibi alinikataza kukaribia, ila alinionyesha jambo: alipitisha mkono juu ya maji, kivuli kikawaangukia, na miiba yote ikageuka kuelekea upande wake. Juu ya mwili wa kila mmoja palikuwa na pete ya rangi ya chungwa na madoa meupe matano. Mchana hujibanza kwenye mawe. Usiku hutoka kula, na kabla ya alfajiri wamerudi mafichoni. Penye mchanga mtupu ni nadra kuwakuta, kwa sababu hapana pa kujificha.

Mbele zaidi, juu ya mwamba wenyewe, palikuwa na aina nyingine tena. Hawa walikuwa wadogo, wa miiba mifupi minene, na kila mmoja alikuwa ndani ya shimo lake kwenye jiwe. Bibi alijaribu kumng'oa mmoja kwa kijiti akashindwa, alivyojikaza. Wimbi la mwambani lingemchukua kiumbe yeyote wa umbo lile aliyekaa wazi, kwa hiyo huyu hulitafuna jiwe kwa meno, akaliongeza shimo kidogo kidogo, akaishi humo akingoja vipande vya mwani-mwitu vinavyoletwa na maji. Mahali wanapojaa kupita kiasi, mwamba huliwa nao upesi kuliko matumbawe yanavyoweza kuujenga.

Kisha bibi alifanya kitu ambacho ndicho hasa kinachonifanya niikumbuke siku ile. Alimponda mweusi mmoja kwa jiwe, akamtupa ndani ya kidimbwi kirefu kilichokuwa na maji hata bamvua. Tukachuchumaa. Haukupita muda vikatoka visamaki kwenye nyufa, viwili, kisha kundi zima, vikagombania nyama ya manjano iliyomwagika.

"Wanamtaka, unaona? Hawana meno ya kumvunja tu," alisema. "Mwenye meno ni kikande. Na changu akikua. Zamani hapa ukitupa mshipi kikande anakula kabla ya samaki mwengine yeyote. Sasa kila mtu ana dema, na wengine wanakokota juya juu ya majani haya haya."

Dema ni mtego wa kusuka, na juya ni wavu wa kukokota. Pweza alipata wawili. Tukarudi kabla maji hayajaanza kujaa.

Ufukweni mashokishoki walikuwa wamemwagwa juu ya mstari wa maji, chungu kubwa inayokauka, na harufu yake ilikaa pale kwa siku nyingi. Jirani yetu mmoja aliyekwenda hadi kwenye mawe alikanyaga mweusi, miiba ikamkatikia kisigino. Alipakwa utomvu wa papai bichi, akachechemea kwa muda.

Jioni mjomba alileta samaki wa dema. Katikati yao walikuwamo kikande watatu wenye mistari ya rangi ya chungwa. Kikande si samaki wa kuparwa magamba. Ngozi yake ngumu inachunwa yote. Mama alikaa na kisu, vidole vyake vimevimba kwa kazi ya mchana, akachuna. Bibi alimtazama kwanza.

"Huyo unayemchuna ndiye angekusaidia leo."

Mjomba alikasirika. Alisema dema halichagui, na kama asipomchukua yeye atamchukua mwengine, na watoto watakula nini. Bibi alimjibu kwamba hakusema asile, alisema ajue. Wakabishana mpaka Isha. Mama hakutia neno, lakini niliona anasikiliza.

Bamvua iliyofuata mashokishoki walianza kuonekana tena mashambani, na baada ya miezi walikuwa wengi kama mwanzo. Wakati ule watu walidhani wametoka kwenye majani ya karibu, na wengine ni kweli. Nilipokuja kusoma mambo ya bahari mjini nilijua sehemu iliyobaki: shokishoki humwaga mbegu na mayai majini, vitoto vikaelea na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua, hivyo wanaofika shambani kwako wanaweza kuwa wamezaliwa mbali sana na Jambiani. Wakitua penye majani ya kula na maficho, na walaji wao hawapo, wanakua haraka. Ndoo haiwezi kushindana na hilo.

Wenzetu wa Kenya wamelipima jambo hili kwa miaka mingi. Mtafiti Tim McClanahan alilinganisha miamba iliyofungwa isivuliwe na ile inayovuliwa, akakuta mashokishoki wamejaa kwenye ile inayovuliwa, na mlaji wao mkuu ni huyo huyo kikande wa mistari ya chungwa. Kikande humpulizia maji shokishoki mpaka apinduke, kisha humng'ata chini, upande wa mdomo, ambako miiba ni mifupi. Na kwenye maji ya Mombasa wale weupe walishawahi kuongezeka hadi wakayafyeka majani ya bahari kabisa, hasa aina ile ndefu yenye kikonyo, kwa sababu sehemu yake ya kuchipulia iko juu, wazi kwa meno, tofauti na majani mengine yanayochipua kutoka chini ya mchanga.

Lakini kuwamaliza pia si jawabu, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu bado kuna wanaolitaka. Kwenye visiwa vya Karibi walikufa kwa ugonjwa mwaka 1983 na 1984, zaidi ya 90 kwa 100 ya wale weusi wa huko, na mwani-mwitu ukafunika matumbawe ya Jamaika. Mwaka 2022 vifo vya namna ile vikarudi Karibi, vikaonekana hadi Bahari ya Shamu, kisha kisiwa cha Réunion, ambacho kiko kwenye bahari yetu hii hii. Mwamba bila wala-mwani ni mwamba unaosongwa.

Mama hakuwahi kusoma lolote kati ya hayo. Msimu uliofuata aling'oa vigingi vyake akavihamishia kwenye mchanga mtupu, mbali na kingo za majani, na majani aliyoyakuta akayaacha. Kamba zikaanza kurudi na mwani wake. Taabu ikawa ni umbali wa kuubeba ukiwa umelowa, kwani pale palikuwa nje zaidi. Majirani wawili walimfuata. Wengine waliendelea na ndoo kila bamvua, na mjomba aliendelea na dema lake, ila tangu siku ile kikande mdogo akimkuta yu hai alikuwa anamrudisha majini, na akiulizwa anasema ngozi yake haina faida.